Niwaonyeshe wanafunzi filamu ya serikali ya wakati wa vita?

SWALI: Nafundisha historia sekondari, wilaya ya Muheza. Nimepata nakala ya filamu ya Kiingereza ya mwaka 1943, Millions Like Us, inayohusu wasichana waliopelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha ndege za kivita. Nilipowaonyesha kidato cha tatu dakika za mwanzo waliangua kicheko pale msimulizi anapoeleza chungwa ni tunda la namna gani, nikasimamisha. Mwalimu mwenzangu ananiambia niiache kabisa, kwa kuwa iliagizwa na serikali, hivyo ni propaganda, na propaganda ni uongo. Mimi mwenyewe nina shaka mbili. Binti aliyekuwa akipika na kufua nyumbani kwa baba yake anawezaje kuunda ndege baada ya muda mfupi tu? Halafu ule mwisho: mumewe ameuawa, naye yuko kantini anaimba na wenzake. Mama mkwe wangu tuliyetazama naye alikasirika, akasema huo si msiba, hawa watu wamelazimishwa. Darasani nimebandika pia ile picha maarufu ya mwanamke wa kiwandani aliyekunja mkono, kitambaa chekundu kichwani. Niendelee na filamu hii, au nitawapotosha watoto?

JIBU: Mwalimu, endelea nayo. Hofu yako naielewa: watoto wanaamini wanachokiona kuliko wanachosomewa, na filamu nzuri inaingia moyoni kabla akili haijauliza maswali. Lakini ukiificha kwa sababu serikali ilikuwa na mkono ndani yake, utakuwa umewanyima nafasi ya kujifunza jinsi mkono huo unavyofanya kazi. Nao watakutana nao maisha yao yote.

Nianze na chungwa, maana wanafunzi wako hawakukosea kucheka. Watazamaji wa 1943 nao walikusudiwa wacheke hapo. Filamu inaanza na watu wakiwa likizo ufukweni mwaka 1939, kabla vita havijaanza, na msimulizi anawaeleza kwa sauti ya kitaalamu chungwa ni kitu gani, kana kwamba anazungumza na watu wasiowahi kuliona. Uingereza hailimi machungwa. Yalikuja kwa meli, na meli zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Wajerumani. Nafasi iliyobaki melini ilipewa chakula cha lazima, mafuta na silaha. Ndizi ziliacha kuingizwa kabisa mwishoni mwa 1940. Machungwa yakipatikana, watoto ndio waliotangulizwa. Mwambie mwanafunzi wa Muheza, anayepita kila siku penye mafungu ya machungwa kando ya barabara, kwamba kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu kule Birmingham aliyepewa chungwa asijue kama linamenywa. Atacheka mara ya pili, lakini kicheko kitakuwa kingine.

Sasa hilo la propaganda. Mwenzako yuko sahihi kwamba serikali ilihusika. Wizara ya Habari ya Uingereza iliwaita Frank Launder na Sidney Gilliat, waandishi wawili waliokuwa wakifanya kazi pamoja kwa miaka, ikawataka watengeneze kitu kuhusu raia walioko nyumbani wakati wa vita. Wakazunguka nchi, wakaingia viwandani na kuzungumza na watu. Waliporudi walishauri kwamba filamu ya taarifa haitafika mbali. Watu wanaotoka zamu wamechoka hawaendi sinema kuhutubiwa, wanakwenda kutafuta hadithi. Ndipo ikazaliwa hadithi ya Celia Crowson, binti mdogo wa mzee mjane, na kampuni ya Gainsborough ikaitengeneza. Sehemu za kiwandani zilipigwa katika kiwanda halisi, penye wafanyakazi halisi.

Anapokosea mwenzako ni pale anaposema propaganda ni uongo. Hebu fikiria nani aliyekuwa amekaa ukumbini mwaka 1943. Ni wasichana wale wale wa viwandani, mafuta ya mashine bado yako chini ya kucha, na baba zao, na wasimamizi wao. Ukiwaonyesha kiwanda kisafi chenye wanawake wanaotabasamu kutwa, ukumbi mzima utazomea. Kwa hiyo filamu ililazimika kuwa ya kweli katika mambo madogo ambayo mtazamaji angeweza kuyapima: bweni, foleni, basi la asubuhi, uji wa kantini, chumba cha kupanga kilicho kidogo kwa bwana na bibi harusi. Propaganda iliyo na akili huchagua tu. Inachagua uso gani usogezwe karibu, habari gani ianze, na lipi lisionekane kamwe. Hapo ndipo pa kuwafundisha watoto kutazama.

Kwa nini basi serikali ilihitaji hadithi hii? Kwa sababu ilikuwa inawalazimisha wanawake, na ilijua hawakupenda. Kuanzia masika ya 1941 wanawake walianza kuandikishwa kwa ajili ya kazi. Desemba 1941 ikapitishwa sheria iliyoruhusu wanawake wasioolewa wenye umri kati ya miaka 20 na 30 kuitwa kwa lazima. Waliruhusiwa kuchagua kati ya vikosi vya wanawake jeshini, ulinzi wa raia, au viwanda. Aliyesimamia mpango huo alikuwa Ernest Bevin, Waziri wa Kazi, mtu aliyekulia katika vyama vya wafanyakazi. Wasichana wengi walitaka jeshi, maana jeshini kuna sare na maafisa vijana. Kiwanda kilikuwa na sifa ya kelele, uchafu na wasichana wasio na adabu. Ona sasa kile kipande ambacho Celia anaota mchana akijiona katika sare hii na ile, kisha anaitwa ofisini na mama wa serikali anamweleza kwa upole kwamba anahitajika kiwandani. Uso wake unaanguka. Kamera haikuuficha ule unyong'onyevu, na hiyo ndiyo hila yenyewe: msichana aliyekaa ukumbini na barua yake ya kuitwa mfukoni anaona kuna mtu aliyejua anavyojisikia. Baada ya hapo atakubali kushikwa mkono.

Kuhusu picha yako ya ukutani, usiichanganye na habari hii. Ni ya Marekani, na kule wanawake hawakulazimishwa kisheria. Walivutwa kwa mishahara na matangazo. Ilichorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, ikabandikwa ndani ya viwanda vya kampuni hiyo kwa wiki mbili hivi mwezi Februari 1943, kisha ikashushwa. Umaarufu wake ulikuja miaka ya 1980. Iache ukutani, lakini waambie wanafunzi kwamba Celia hakuwahi kuiona.

Nije kwenye shaka yako ya kwanza, ambayo naipenda sana kwa sababu ni swali la kifundi. Inawezekanaje? Jibu ni kwamba Celia haundi ndege. Hakuna mtu mmoja katika kiwanda kile aliyeunda ndege. Fundi wa zamani alitumikia uanagenzi wa miaka mitano hadi saba. Alisoma mchoro, akapima, akatoboa, akasawazisha kwa tupa, akakosea na kurekebisha, yote kwa kichwa chake. Vita havikuwa na miaka mitano ya kusubiri. Kwa hiyo wahandisi walichukua ujuzi ule, wakautoa kichwani mwa fundi na kuuweka ndani ya vyuma. Walijenga jigi, yaani fremu nzito iliyokazwa sakafuni, ambayo kipande cha ndege kinaingia humo kwa namna moja tu. Tundu la kutobolea limekwisha kuonyeshwa. Keekee haiwezi kwenda pembeni hata ukitaka. Ukimaliza, unakipima kwa geji yenye ncha mbili: ncha moja lazima iingie tunduni, ya pili lazima igome. Zikiingia zote mbili, kipande hakifai. Msichana hahitaji kusoma mchoro wala kujua milimita. Anahitaji mikono tulivu, macho, na moyo wa kurudia jambo lile lile mara mia nne kwa siku bila kulegea.

Chukua ribiti, kile kijimsumari chenye kichwa cha mviringo kinachoshika bati la bawa. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko nje na bunduki ya upepo inayogonga kichwa cha ribiti. Wa pili yuko ndani, mara nyingi amejikunja mahali ambapo mwanamume mnene haingii, ameshikilia pande la chuma dhidi ya mkia wa ribiti ili ukibondwa ufumuke na kuwa kichwa cha pili. Hawaonani. Wanasikilizana kwa mgongo wa bati, na baada ya wiki chache kila mmoja anajua mwenzake amechoka kwa jinsi chuma kinavyotetemeka. Akigonga kidogo, ribiti imelegea. Akizidisha, bati linabonyea. Na ribiti zenyewe hazikuwa na subira. Nyingi zilikuwa za aloi ya aluminiamu na shaba, zikichomwa kwanza na kupozwa ghafla ili zilainike, na zikishapozwa huanza kugumu zenyewe. Ilibidi zitumike ndani ya saa mbili hivi, au ziwekwe kwenye jokofu kuchelewesha ugumu. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akipika kwa baba yake alijikuta tena anapambana na kitu kisichongoja, kama unga wa chapati unaokauka.

Jinsi kazi ilivyokuwa imekatwakatwa ilionekana wazi Septemba 1940, ndege za Ujerumani ziliposhambulia kiwanda cha Supermarine pale Woolston, Southampton, mahali ndege ya kivita ya Spitfire ilipozaliwa. Watu zaidi ya mia moja walikufa katika mashambulizi ya siku mbili, tarehe 24 na 26. Badala ya kujenga upya, kazi ilitawanywa kwenye miji mingine, ndani ya gereji za mabasi, hata kwenye nyumba za dobi. Gereji hii mabawa, ile matangi, nyingine viwiliwili, kisha vyote vikaunganishwa uwanjani. Kiwanda kikubwa cha Castle Bromwich, karibu na Birmingham, kilikuja kutoa Spitfire zaidi ya 11,000 hadi vita vinakwisha, na jigi ndizo zilizobeba mzigo wa ujuzi huo wote.

Lakini hapa ndipo filamu inaponyamaza, na wewe useme. Ukishavunja kazi ya fundi vipande vipande, unaweza pia kudai kwamba anayeifanya si fundi, na kumlipa kidogo. Mwaka 1940 vyama vya wafanyakazi na waajiri walikubaliana kwamba mwanamke anayefanya kazi ya mwanamume alipwe sawa naye baada ya wiki 32, mradi anaifanya bila msaada wala usimamizi wa ziada. Masharti hayo ya mwisho yalitumika kama mlango wa kutokea: akija fundi kumrekebishia mashine mara moja, basi hajitegemei. Mpaka mapema 1944, wastani wa mapato ya mwanamke katika viwanda vya chuma na uhandisi ulikuwa karibu nusu ya mwanamume. Mwishoni mwa Oktoba 1943, mwaka uleule wa filamu hii, wanawake wa kiwanda cha Rolls-Royce pale Hillington, Glasgow, kilichotengeneza injini za ndege, waligoma kwa sababu ya malipo. Wanaume wengi wakatoka nao, jumla yao watu kama 16,000. Waliporudi walikuwa na makubaliano yaliyoorodhesha kila mashine na malipo ya anayeiendesha, awe nani. Katika filamu hakuna mtu hata mmoja anayeuliza mshahara. Watazamaji wa Mass-Observation, kundi la watafiti lililokuwa likichunguza maisha ya kila siku, walioingia kiwanda kimoja cha vita miaka hiyo walikuta wasichana wengi wakihesabu dakika tu, wamechoshwa na kazi isiyo na mwanzo wala mwisho. Hilo nalo filamu imeligusa kwa ncha ya kidole.

Wizara ile ile ya Habari ilikuwa na mkono mwingine ulioelekea kwetu. Mwaka 1939 iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na magari ya sinema yakawa yanazunguka Afrika Mashariki yakionyesha filamu za vita usiku uwanjani. Aliyekiongoza, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, hivyo filamu zetu zifanywe polepole, jambo moja moja, bila hila za kamera. Kwa Celia waliandaa hadithi yenye ndoto za mchana, mapenzi na utani. Kwa babu zetu waliandaa somo. Na pale Tanga, Wajapani walipoyateka maeneo ya Asia yaliyotoa nyuzi za kamba mwaka 1942, mkonge ukawa mali ya vita, na serikali ya Tanganyika ikakamata nguvu kazi kwa lazima kwa ajili ya mashamba. Bevin aliwaita wasichana wake kwa barua na mahojiano, na filamu ya kuwatuliza ikafuata. Waulize wanafunzi wako vijana wa mkonge waliitwa vipi. Sidhani utapata swali lililo karibu na nyumbani kuliko hilo.

Sasa mwisho wa filamu, uliomkasirisha mama mkwe. Naomba nimtetee kwanza. Anapima kwa kipimo anachokijua: eda, matanga, watu waliokaa mkekani, mjane anayeachiwa kulia mpaka aishiwe. Kwa kipimo hicho Celia ametendewa vibaya. Na kweli ametendewa vibaya, ila si na mtengeneza filamu. Fred, mumewe, ni mpiga bunduki katika ndege ya kudondosha mabomu. Katika kamandi ya ndege hizo walihudumu warushaji wapatao 125,000. Waliokufa ni 55,573, yaani 44 katika kila 100. Kumfanya Fred arudi salama ndiko kungekuwa uongo. Mara nyingi mwili haukurudi, kaburi halikuwepo, au lilikuwa nchi ya adui. Kilichobaki kwa mjane ni karatasi, na zamu ya kesho yake.

Hakuna anayemlazimisha kuimba pale kantini. Kuna tamasha la mchana, wenzake wanaimba wimbo wa zamani wa kuchekesha kuhusu bibi harusi aliyeachwa akisubiri kanisani, na ndege zinapita juu ya paa zikielekea Ujerumani. Gwen, rafiki yake wa bweni, binti wa Wales, yuko pembeni yake. Hata hivyo serikali ilipata ilichotaka kutoka kwenye sura ile: majonzi yako yamezwe na umati, urudi kazini. Yote mawili yamo. Mimi nimeitazama mara nyingi na bado koo linakaza, na bado najua kwa nini limekazwa.

Kuna la tatu la kuongeza hapo, na usiliruke. Kamera inatazama juu, kwenye ndege zinazoondoka. Haitazami chini zinakofika. Julai 1943, miezi michache kabla filamu haijatoka, mashambulizi ya mfululizo yaliunguza Hamburg, na watu kiasi cha 37,000 wakafa, wengi wao raia, wanawake na watoto. Bomu lililobebwa na bawa lililopigwa ribiti na wasichana tuliowapenda kwa zaidi ya saa moja na nusu. Waambie watoto hivyo hivyo, bila kuwahukumu wasichana.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kilimani. Charlie, msimamizi wa karakana, mtu wa tabaka la chini, anampenda Jennifer, binti wa kitajiri aliyeanza kazi akiogopa kuchafua mikono. Anamwambia hatamwoa sasa. Wako pamoja kwa sababu ya vita. Vita vikiisha, je, wataendelea hivi, au kila mmoja atarudi upande wake? Mpaka ajue, hatajifunga. Filamu iliyoagizwa na serikali, katikati ya vita, inaacha swali hilo bila jibu. Desemba 1942 ilikuwa imetoka ripoti ya William Beveridge kuhusu bima na ustawi wa jamii, watu wakapanga foleni kuinunua, kwa hiyo swali la Charlie lilikuwa midomoni mwa nchi nzima. Julai 1945 wapiga kura wakamwondoa Churchill na kuweka chama cha Labour. Wanawake wengi wa viwandani walikuwa wameanza kurudishwa nyumbani. Sheria ya malipo sawa ilikuja 1970.

Namna ya kuionyesha: igawe vipindi vitatu. Usianze na hotuba kuhusu propaganda, wataitazama kwa kununa. Waache wampende Celia kwanza. Kabla ya kipindi cha pili wapeleke kwa fundi wa bodi za magari, kama yupo jirani, awaonyeshe ribiti inavyopigwa. Mmoja apige, mwingine ashike chuma nyuma. Dakika kumi za hapo zitaeleza kuliko mimi. Na kama yupo mzee ambaye baba yake alipelekwa Burma na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, au alikamatwa kwa ajili ya mkonge, mwalikeni, mumsikilize bila kumkatiza. Karatasi za kipindi hicho mtazikuta Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ukipanga safari ya wanafunzi, andika barua ya maombi mapema.

Jambo moja sitaliacha kwako peke yako. Kama darasani kuna mtoto aliyefiwa karibuni, usimshtukize na kile kipande cha mwisho. Mwite pembeni siku moja kabla, mweleze kinachokuja, mpe ruhusa ya kutoka. Ukiona amebadilika baadaye, halali, hali, anajitenga, hapo filamu imemaliza kazi yake na yangu pia. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha ana kwa ana, na mzazi au mlezi ajulishwe siku hiyo hiyo.

Mama mkwe naye mwombe kitu kimoja. Atazame tena dakika tatu za mwisho tu, mara hii sauti ikiwa imezimwa kabisa. Aangalie midomo ya Celia, inakaa muda gani imefungwa wakati kantini nzima inaimba, na Gwen anafanya nini kabla haijafunguka.